Mapumziko huanza mkia anapofika: namna tunavyoendesha kikundi chetu cha kutembea hapa Tanga

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, joto la kaskazi limeshakolea, tulifika ufuko wa Raskazone tukiimba na kupiga makofi. Tukakaa kivulini, tukanywa madafu, tukapiga picha. Wa mwisho kufika alikuwa mama mmoja muuza vitumbua wa Ngamiani, mtu mzima mwenye kisukari, miguu imeshamvimba ndani ya raba. Alipotia mguu tu pale kivulini, kijana aliyekuwa akiongoza akapuliza firimbi: "Haya jamani, tunarudi!" Sote tukainuka. Yule mama hakupata hata kuegemea mti. Akageuka pamoja na sisi, akatembea mpaka usawa wa Bombo, akashika ukuta, akateremka chini taratibu kama mtu anayekaa kwenye kibao cha mbuzi.

Tulimpa glukosi, akarudiwa na nguvu, tukampakia kwenye bajaji. Jumamosi ya pili hakuonekana. Nikaenda kwake kumjulia hali. Akaniambia, "Mwalimu, nyie mlipumzika robo saa nzima. Mimi sikupumzika hata dakika. Aliyechoka ndiye mliyemnyima kiti."

Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, na hesabu hiyo nyepesi ilikuwa imenipita. Wenye nguvu hufika mapema, wakapumzika wakati wanawasubiri wengine. Dhaifu anafika, msafara unaondoka. Kwa hiyo anayehitaji kupumzika zaidi ndiye asiyepumzika kabisa. Tangu siku hiyo kanuni yetu ya kwanza, iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu ukurasa wa mbele wa daftari, ni hii: mapumziko huanza mkia anapofika. Dakika 10 zinahesabiwa kuanzia mtu wa mwisho anapokaa, na anayezihesabu ni mkia, yaani yule anayetembea nyuma ya wote, siyo kiongozi.

Naandika haya kwa sababu watu wa Pongwe, wa Sahare na hata wa Muheza wameniuliza wanaanzaje. Nitaeleza tunavyofanya sisi. Mengine mtajirekebishia kwenu.

Saa na njia

Tunakutana viwanja vya Tangamano, saa 12:00 asubuhi, kila Jumamosi. Msichague saa 1:00 kwa kuwaonea huruma wanaopenda kulala. Hapa kwetu kuanzia Desemba hadi Machi, ikifika saa 2:30 lami inarudisha joto usoni kama mlango wa tanuri ya mkate, na mwenye presha ndiye wa kwanza kuumia. Wakati wa masika tunaangalia mbingu, na mvua ikiwa kubwa tunaahirisha. Hatujawahi kujuta kwa kuahirisha.

Mwezi wa Ramadhani tunahamia usiku, baada ya tarawehe, mzunguko mfupi wa dakika 30 kwenye barabara zenye taa. Wengi wetu tunafunga, na kumtembeza mtu aliyefunga asubuhi kwenye jua ni kumdhulumu. Wasiofunga wanakuja usiku pamoja nasi, na hakuna aliyelalamika.

Kwa wanaoanza, msiwapeleke mbali. Hapa Ngamiani tuna neema ambayo miji mingine haina: mitaa imepewa namba, Barabara ya 1, ya 2, ya 3, mpaka kupita ya 20. Ni rula iliyolazwa chini. Mgeni akija namwambia, "Leo wewe mwisho wako Barabara ya 6, ukifika hapo geuka." Wiki ya pili anakwenda ya 8. Wiki ya nne utamsikia mwenyewe anawasimulia jirani zake, "Mimi nimeshafika ya 14!" Mtu anaona maendeleo yake kwa namba anazozijua tangu utotoni, bila saa ya mkononi wala simu ya kuhesabu hatua. Na akichoka, mlango wa nyumba ya mtu anayemfahamu hauko mbali.

Njia ya pili, ya waliozoea, ni ile ya baharini: Tangamano, bustani ya Jamhuri, unapita Bombo, mpaka Raskazone. Bahari iko kushoto kwako wakati wa kwenda, upepo unapuliza, na kuna miti. Chagueni vituo vya kupumzika vyenye hadithi, kwa sababu watu hukaa kwa utulivu wanaposimuliwa. Pale Raskazone huwa nawaeleza kwamba Novemba 1914 askari wa Waingereza, wengi wao kutoka India, waliteremka kwenye ufuko huo huo kuja kuuteka mji. Wajerumani chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck na askari wao Waafrika walikuwa wachache mno kuliko wao, lakini waliwashinda na kuwarudisha melini. Katikati ya mapigano nyuki walichokozwa, wakawashambulia askari bila kuuliza nani wa upande gani. Vijana hucheka sehemu ya nyuki. Wazee huuliza habari za wapagazi na wakulima wa huku, ambao hawakutajwa sana. Hadithi ikimalizika, dakika 10 zimetimia na miguu ya watu wa nyuma imeshapoa.

Mara moja moja, labda kila baada ya miezi mitatu, tunakwenda mbali zaidi: mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, au magofu ya Tongoni kwenye njia ya Pangani, penye msikiti wa kale na makaburi ya mawe ya chokaa. Safari hizo tunapanda daladala kwenda, tunatembea sehemu tu. Ulizieni kiingilio kabla, mkusanye fedha siku tatu mbele, na ndani ya pango la Amboni msiingie bila mwongozaji wa pale. Kuna sehemu za kuinama na kupenya, na kuna giza la kweli. Mwenye magoti mabovu au anayeogopa kubanwa abaki nje karibu na mto Mkulumuzi, na abaki na mwenzake. Asiachwe peke yake kulinda viatu.

Kazi ya mkia

Kila msafara una kichwa na mkia. Kichwa anajua njia na anashika mwendo. Kazi hiyo kila mtu anaitaka, na vijana wanaigombea. Mkia ni yule anayetembea nyuma ya wote, ambaye hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa nyuma yake. Ukitaka kujua kikundi kitadumu au hakitadumu, waulize nani mkia wao.

Mkia huvaa kitu kinachoonekana kwa mbali. Sisi tuna kizibao cha rangi ya chungwa, cha aina wanayovaa mafundi barabara. Kichwa akigeuka nyuma asione chungwa, anasimama. Haendelei mpaka aione. Jambo hili dogo limetuondolea zogo nyingi.

Sasa, namna ya kutembea mkiani. Usimfuate mtu aliyechoka nyuma kisogoni kama mchungaji wa mbuzi. Tembea ubavuni kwake, nusu hatua nyuma, upande wa barabara yenye magari. Usimwambie "jitahidi" wala "tumebaki kidogo tu" wakati bado kuna kilomita mbili. Zungumza naye mambo ya kawaida: bei ya nazi, mjukuu, mechi ya Coastal Union. Mazungumzo haya yana kazi. Mtu anayeweza kujibu sentensi nzima bila kukata pumzi yuko salama. Akianza kujibu kwa neno moja moja, punguza mwendo. Akinyamaza kabisa, simamisha. Huo ndio mtihani wangu, na hauhitaji mashine.

Kuna dalili nyingine za kuzijua. Mwenye kisukari sukari ikimshuka hutetemeka, hutoka jasho la baridi, mara nyingine huongea maneno yasiyopangika au hukasirika bila sababu. Mkalishe, mpe glukosi au soda yenye sukari, subiri dakika 15 uone. Akiwa hajitambui usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu na mpeleke hospitali mara moja. Aliyezidiwa na joto huumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mwagie maji na umpepee. Akichanganyikiwa, na hasa ngozi ikiwa ya moto, usingoje chochote, ita bajaji.

Na kumshika mtu mkono, omba kwanza. "Nikushike, bibi?" Wapo wazee ambao kushikwa mbele za watu kunawauma kuliko goti.

Ukija kwetu ukisema unataka kujitolea, tunakwambia utembee wiki tatu kama mwanachama wa kawaida, kisha Jumamosi ya nne unavaa kizibao cha chungwa ukiwa na mkia mzoefu. Hata uwe mwanajeshi mstaafu. Kijana mmoja fundi baiskeli wa Makorora, mwenye mbio kama swala, alikasirika tulipomweka nyuma. Alirudi siku hiyo akiwa kimya. Baadaye akaniambia hakuwahi kujua kwamba jirani yake wa miaka mingi, mzee wa Barabara ya 11, haoni vizuri jicho la kulia, ndiyo maana huwa hamwitikii salamu akipita upande huo. Leo yeye ndiye mkia wetu bora, na huja na baiskeli yake akiikokota, kwa sababu kiti cha nyuma cha baiskeli kimeshabeba wengi.

Daftari, mkoba na kanga

Msajili anafika dakika 15 kabla ya wote. Anaandika jina, namba ya simu ya ndugu wa karibu, na kama mtu ana maradhi ambayo mkia anapaswa kuyajua. Maradhi tunayaandika kwa alama, na ufunguo wa alama wanaujua watu wawili tu. Hili nalisisitiza kwa sababu liliwahi kututia aibu: mtu alisoma daftari likiwa limeachwa wazi mezani, na habari ya mwanamke mmoja ikazunguka mtaani kabla ya adhuhuri. Tulimwomba radhi, akasamehe, lakini hakurudi tena. Siri ya mtu ni amana.

Kabla ya kuondoka msajili anahesabu watu kwa sauti. Tukirudi anahesabu tena. Anayetaka kukatiza njia aende kwake lazima amwambie mkia, siyo rafiki yake.

Mkoba wetu wa huduma ya kwanza una glukosi, pakiti za maji ya chumvi na sukari za dukani, plasta, bandeji ya kuvuta, pamba na spiriti, glavu, firimbi na chupa mbili za maji ambazo haziguswi ila kwa dharura. Na kanga, doti nzima. Kwa kanga tumefunga mkono ulioteguka, tumemtengenezea kivuli aliyeanguka, tumemzungushia pazia mama aliyechafukwa tumbo njiani, tumembeba mtoto aliyesinzia mgongoni. Ukikosa fedha za vyote hivyo, anza na kanga na glukosi.

Mavazi msiyafanye sheria. Wanawake wa kwetu wengi wanakuja na dera au baibui, na dera likifungwa vizuri kiunoni halimzuii mtu kutembea. Kikundi kikianza kudai suruali za michezo, nusu ya mama zetu hawatakuja. Tunachokataa ni kandambili tu, kwa sababu zinakatika mkanda katikati ya barabara na zinateleza. Raba za mtumba zipo sokoni Mgandini. Jaribu jioni, wakati mguu umeshavimba kidogo, usije ukanunua inayobana.

Fedha

Tunachanga shilingi 2,000 kwa mwezi, na asiyenayo hadaiwi. Mhazini anasoma mapato na matumizi kwa sauti Jumamosi ya kwanza ya mwezi, palepale uwanjani, kila mtu akiwa amesimama. Inachukua dakika tano.

Msianze na fulana. Sisi tulikosea hapo. Kila mtu alitoa fedha, tukampelekea mchapaji mmoja, akatuzungusha miezi mitatu, na zilipokuja rangi ilichujuka kwa maji ya kwanza. Kipindi hicho kikao chote kilikuwa fulana, fulana, na watu waliacha kuja kwa kuona haya kwamba hawajamaliza kulipa. Nunueni kizibao kimoja cha mkia. Mengine yatakuja.

Mkikua na kutaka kutambulika, mwendeeni mwenyekiti wa mtaa wenu kwanza, kisha afisa utamaduni na michezo wa halmashauri, mkiwa na katiba fupi, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao kilichowachagua viongozi. Yeye atawaelekeza hatua za usajili. Msafara mkubwa unaokata barabara kuu, wapeni polisi taarifa mapema.

Kujitolea nje ya kutembea

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchini, basi siku hiyo tunatembea nusu njia na kuokota taka nusu njia. Mkia huwa na viroba. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 ufuko una nafuu, lakini chupa za maji na vifuniko vyake bado vimejaa. Glavu ni lazima, na watoto hawaokoti vioo wala sindano: wakiona wanaita mtu mzima. Chupa tunazitenga, tunampa kijana anayeziuza. Hatuchukui senti kwake.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni mikoko. Hii nitaieleza vizuri, kwa sababu nimeona vikundi vikipanda miche mia kadhaa, vikapiga picha, na baada ya mwezi hakuna hata mmoja uliosimama.

Kwanza msiende peke yenu. Mikoko ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo waoneni watu wa misitu na kamati ya mazingira ya kijiji au mtaa husika. Wao ndio wanaojua wapi palikuwa na mikoko ikakatwa. Mahali ambapo haijawahi kuota, kama mchanga mweupe wa kuogelea, haitaota kwa ajili yenu.

Pili, soma maji. Waulizeni wavuvi, wala msitegemee saa ya Jumamosi iliyopita, maana kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Nyakati za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huku kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yakipwa unapata eneo pana la kufanyia kazi, ila yakianza kujaa yanakuja kwa kasi. Mtu mmoja anabaki ufukweni akiangalia maji tu. Akipuliza firimbi, wote mnatoka, hata kama kiganjani umebaki na mche mmoja.

Tatu, mche wenyewe. Wa mkoko ni ule mrefu kama kalamu nene ya kijani, unaoning'inia mtini. Okoteni iliyoanguka yenyewe na haina matundu ya wadudu. Upande wenye ncha unaingia chini. Unauchomeka kwenye tope mpaka kama theluthi yake imezama, unakandamiza tope kwa vidole viwili, unauvuta kidogo: ukigoma kutoka, umeshika. Hatua moja, mche mwingine. Kuna wakati unajikuta umepiga magoti, tope limefika kwenye mapaja, kaa wadogo wanakimbia pembeni ya mkono wako, na hutaki kuinuka. Nina miaka 61, na siku hizo nalala usingizi mzito.

Baada ya wiki mbili rudini kuhesabu. Iliyong'oka mpande tena. Sisi matembezi yetu ya mwezi unaofuata tunayapitisha hukohuko makusudi, ili kwenda kuangalia miche kuwe ndiyo mazoezi.

Kuchangia damu tunapanga mara mbili kwa mwaka. Anayechangia awe na miaka 18 hadi 65 na kilo zisizopungua 50. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Siku hiyo hatutembei umbali mrefu. Watu wanakula kwanza, wanakunywa maji, wanachangia, wanapumzika. Anayekataliwa kwa sababu ya presha au wekundu wa damu anapewa kazi ya kuwakaribisha wengine chai, ili asirudi nyumbani kama mtu aliyefeli.

Kuhusu kiasi cha kutembea, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jumamosi yetu ni kama dakika 90 bila kuhesabu mapumziko. Nusu saa mbili za jioni, Jumatatu na Jumatano, kila mtu na jirani yake, zinakamilisha. Mwenye maradhi ya moyo au aliyejifungua karibuni amwone daktari kabla ya kuanza.

Yule mama wa vitumbua nilimfuata mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda na kizibao cha chungwa mkononi, nikamwomba aje atufundishe namna ya kusubiri. Akaja. Siku ile alitembea nyuma kabisa, Raskazone akakaa kwenye jiwe, akavua raba, akanyoosha miguu, akatazama saa yake. Watu 30 na zaidi tulikuwa tumesimama tunamwangalia. "Kaeni," akasema. "Ndiyo kwanza dakika ya kwanza."

Tuliporudi Tangamano msajili alihesabu. Tuliondoka 33, tumerudi 33. Ndipo mihogo na chai ya tangawizi vikaagizwa.